Nilivyomsaka Bwana Parter Warsaw

"Klucz: parter." Hayo ndiyo maelekezo yote aliyonitumia mwenye chumba kule Praga, ng'ambo ya mto Vistula, Warsaw. Klucz nilijua ni ufunguo kwa Kipolandi. Basi nikajipa jibu mwenyewe: ufunguo uko kwa Bwana Parter.

Saa nne usiku, Novemba, baridi ya kukata masikio. Kengele za mlangoni zina namba tupu, jina hata moja hakuna. Bahati kijana mmoja akatoka, nikapenya na begi langu la kilo 23. Nyumba yenyewe ni ya zile za zamani zilizonusurika vita, lifti haina. Ghorofa ya kwanza nikagonga: "Pan Parter?" Mzee akanitazama, akafunga mlango. Ya pili, kimya. Ya tatu, mbwa. Ya nne, natweta, bibi mmoja aliyevaa ndara za manyoya akanisikiliza, akacheka hadi akashika kizingiti. Akaelekeza kidole sakafuni. "Parter!" Nikadhani ananiambia nitue mzigo. Nikautua. Akaangua kicheko upya, akanishika mkono, tukashuka ngazi zote mpaka kwenye kisanduku cha ufunguo, hatua tatu tu kutoka mlango nilioingilia.

Kumbe parter si mtu, ni ile sehemu ya chini kabisa ya jengo. Wapolandi wamelitoa kwa Wafaransa: par terre, chini, ardhini. Na Mfaransa mwenyewe sehemu hiyo haiiti hivyo, husema rez-de-chaussée! Chumba zloti 190 kwa usiku, dirisha linatazama mapipa ya taka, na chai hupewi.

Siku tatu zilizofuata sina la kusimulia, ila neno lile halikuniacha. Tiketi ya opera iliandikwa parter. Nikajua nimekaa na makabwela, kumbe ni viti vya mbele ya jukwaa, ndiyo maana pochi ilinywea. Zamani kwenye kumbi za maigizo za Paris parterre palikuwa pa kusimama, pa watu wa senti chache. Wilanów, kwenye kasri la mfalme Jan III Sobieski, ambaye mkewe alikuwa Mfaransa, parter ni bustani iliyopangwa kwa mapambo kama mkeka wa ukili. Na baa niliyokimbilia mvua, televisheni ikionyesha mieleka, parter ilikuwa mtu kalaliwa na mwenzake chini.

Ndani ya ndege nikaanza kuliwazia neno letu ghorofa. Mwarabu akisema ghurfa anamaanisha chumba. Sisi tumekipandisha hicho chumba juu mpaka kikawa jengo zima. Mgeni wa Cairo akiambiwa Kariakoo kwamba ufunguo uko ghorofa ya tano, huenda naye atahesabu vyumba, agonge mlango wa tano hapohapo chini, atokewe na mama wa watu kajifunga kanga kifuani, mwiko mkononi.