Nimemwita kwa Jina Lake

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii kuna maneno yamenikaa moyoni hata maombi yangu ya alfajiri yamekuwa mazito. Kijana mmoja ambaye kwa muda mrefu ametengeneza mabango na video za ibada katika kanisa fulani alinijia, akasema anataka kupumzika huduma. Hakuja kwa hasira. Aliniambia tu, "Mama, kazi yangu wanaijua, mimi hawanijui." Walikuwa wametoka kwenye sherehe ya shukrani. Wageni walitajwa mmoja mmoja, wafadhili wakavishwa vitenge, na karibu kila mtu alipiga picha mbele ya lile bango kubwa la madhabahuni. Yeye aliyekesha akilichora alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na mitambo. Hakuna aliyemwita.

Jibu la haraka sikuwa nalo. Kesho yake jioni wajukuu walikuwa mbele ya runinga na Tom na Jerry, nami nikawaomba wasiruke yale maandishi ya mwanzo. Nikayasoma.

Tom na Jerry hawahitaji kutambulishwa kwetu. Kuna watu wenye mvi humu ambao wakimwona yule paka ananyata tu, wanacheka kabla hajaumia. Lakini Irven Spence tunamjua? Kenneth Muse je? Ed Barge? Ray Patterson? Hao ndio waliomchora kwa penseli, miaka ya 1940, katika studio ya MGM huko California, wakiongozwa na William Hanna na Joseph Barbera.

Hebu tuitazame kazi yao kwa karibu. Filamu inapitisha picha 24 kila sekunde, kwa hiyo katuni ya dakika 7 ni picha 10,080. Mara nyingi mchoro mmoja ulipigwa picha mara mbili, maana yake sekunde moja ya mwendo ilihitaji michoro 12, na hiyo ni kwa mhusika mmoja. Mchoraji mkuu alichora mikao mikubwa: paka ameinua nyundo, paka amejiponda kidole. Kisha msaidizi akachora vile vipande vyote vya katikati, nyundo ikishuka kidogo kidogo. Huyu wa katikati akifanya vizuri hakuna anayemwona. Akikosea ndipo tunashtuka kwamba paka anarukaruka.

Iko ile ya mwaka 1947 ambamo Tom amevaa koti refu la tamasha, anapiga piano muziki wa Franz Liszt, na Jerry amelala ndani ya piano. Tazameni vidole vya yule paka. Vinakwenda na noti. Kuna mtu aliketi akasikiliza muziki, akahesabu, akachora kila kidole kinapoangukia. Katuni ile ilipata Oscar. Kwa jumla Tom na Jerry walipata Oscar 7, na sanamu zile zilikwenda kuchukuliwa na mzalishaji, Fred Quimby, mtu ambaye hakuchora hata sharubu moja ya panya.

Sisemi haya kumlaumu marehemu. Nasema kwa sababu naujua utaratibu huo, nimeuona madhabahuni.

Mwaka 1937 studio ya Walt Disney ilitoa filamu ya katuni ya binti mmoja, Snow White. Michoro ya penseli ilipelekwa kwenye idara ya wino na rangi, ambako karibu wote walikuwa wanawake, wengi wao wasichana. Waliweka karatasi angavu ya seluloidi juu ya mchoro, wakafuatisha mistari kwa wino bila kutetemeka mkono, kisha wakaigeuza na kupaka rangi upande wa nyuma. Walivaa glavu za pamba wasiache alama za vidole. Ule wekundu laini wa mashavu ya binti yule uliwekwa kwa mkono, karatasi moja baada ya nyingine, na ilibidi ukae palepale kwenye kila karatasi, la sivyo mashavu yangecheza kwenye skrini. Mshahara wao ulikuwa chini sana ya ule wa wachoraji wanaume. Ukitazama orodha ya majina ya filamu ile, wanawake hao hawamo.

Lakini aliyenigusa kuliko wote ni Tyrus Wong. Alizaliwa China mwaka 1910, akaingia Marekani na baba yake mwaka 1920 akiwa mtoto mdogo, akazuiliwa kwenye kituo cha uhamiaji cha Angel Island. Mama yake alibaki China, na hawakuonana tena. Mwaka 1938 aliajiriwa Disney kuchora ile michoro ya katikati, kazi ya kuumiza macho kutwa. Akasikia kwamba filamu ya Bambi inaandaliwa na kwamba mandhari ya msitu inawasumbua: majani yamechorwa mengi mno, Bambi mwenyewe, yule mtoto wa kulungu, anapotea humo. Hakutumwa na mtu. Alichora picha zake mwenyewe kwa mtindo wa wachoraji wa kale wa China, ukungu mwingi, miti michache iliyo wazi na mingine inayeyuka nyuma, na mnyama mdogo katikati unayemwona mara moja. Walt Disney alizipenda, na filamu nzima ikafuata mkono wake. Kabla haijatoka mwaka 1942, studio ilikuwa imeshamwachisha kazi. Jina lake liliwekwa tu kati ya wachoraji wa mandhari. Studio ilikuja kumpa heshima rasmi mwaka 2001, akiwa amefika miaka 90. Uzeeni alitengeneza vishada kwa mikono yake na kuvirusha ufukweni Santa Monica. Alifariki mwaka 2016, ana miaka 106.

Nilipofika hapo nikafungua Kutoka 31. Mungu anazungumza na Musa mlimani juu ya hema, na anapofika kwa mafundi anasema, "Angalia, nimemwita kwa jina lake Bezaleli, mwana wa Uri, mwana wa Huri, wa kabila ya Yuda, nami nimemjaza roho ya Mungu." Wapendwa, Mungu anataja jina la fundi, la baba yake, la babu yake na kabila lake! Huyu hakuwa kuhani wala nabii. Alikuwa mtu wa kukata mawe, kuchonga mti na kuyeyusha dhahabu. Kando yake anatajwa Oholiabu, aliyetarizi kwa nyuzi za rangi. Songeni mbele hadi sura ya 35 mtawakuta na wanawake waliosokota kwa mikono yao nyuzi za samawi, zambarau na nyekundu, na Maandiko yanasema walikuwa na mioyo ya hekima. Kumbe hekima inaweza kukaa kwenye vidole vya mtu anayesokota uzi, na Roho wa Mungu anaweza kumjaza mtu kwa ajili ya rangi na mstari! Sisi tumeshazoea kudhani anajaza wahubiri na waimbaji tu.

Na Paulo alimwachia nafasi mwandishi wake. Warumi 16, katikati ya salamu, mkono ulioshika kalamu unajitokeza: "Mimi Tertio, niliyeuandika waraka huu, nawasalimu katika Bwana." Haikupunguza utume wa Paulo hata kidogo.

Sasa niruhusuni niseme na wachungaji wetu, wazee wa kanisa na kamati zetu, kwa heshima yote, lakini niseme. Tukiwa na mkutano, mwenye turubai analipwa. Mwenye viti analipwa. Mpishi wa pilau anapewa advansi kabla hajawasha moto. Kijana wa kuchora bango, wa kukata video, wa kupamba madhabahu, huyo ndiye tunayemwambia, "Mwanangu, hii ni huduma, fanya kwa Bwana." Bando ananunua yeye, usiku anakesha yeye, nauli yake, kompyuta yake. Yeremia 22 inamwambia ole mtu anayejenga nyumba yake kwa uovu, akimtumikisha mwenzake bila ujira. Neno lile aliambiwa mfalme, na kanisa haliko juu ya mfalme.

Tena tunapenda kuwatolea Wakolosai 3:23, lo lote mfanyalo lifanyeni kwa moyo, kama kwa Bwana. Mstari huo ni wa anayefanya kazi, wa kumtia nguvu yeye. Mistari michache mbele, mwanzo wa sura ya 4, Paulo anawageukia mabwana na kuwaambia wawape watumishi wao yaliyo haki na ya adili, wakijua kuwa nao wana Bwana mbinguni. Mbona hapo huwa tunafunga Biblia? Mwaka 1941 wachoraji wa Disney walitoka nje na mabango ya mgomo, na miongoni mwa waliyodai yalikuwa mishahara ya haki na majina yao kuonekana kwenye filamu. Watu wa dunia waliona hilo ni jambo la kudai. Watoto wetu hawatagoma. Wataondoka kimya kimya, na sisi tutasema wamepoa kiroho.

Nanyi vijana mnaofanya kazi za nyuma ya pazia, wa mitambo, wa kamera, wa maua, wa kufuta viti saa kumi na moja asubuhi, nawasihi kama mama yenu: msiache mikono yenu iwe na uchungu. Mwenye kinyongo mstari wake unaonekana. Pumzika kama umechoka, hata Bwana alipumzika, na anayekwambia kupumzika ni uasi usimsikilize. Waebrania 6:10 inasema Mungu si dhalimu hata aisahau kazi yenu. Lakini kudai haki yako kwa upole si dhambi, na kuandika jina lako dogo pembeni ya kazi yako si kiburi. Tertio aliandika lake ndani ya waraka mtakatifu.

Nimeomba kwa mchungaji dakika chache Jumapili hii kabla ya matangazo, naye amekubali. Viongozi wa idara, nileteeni kabla ya Jumamosi jioni majina ya wote wanaofanya kazi ambazo hatuzioni zikifanyika. Msiniandikie "timu ya midia" wala "akina mama wa usafi". Nataka jina la mtu, na jina la baba yake, kama alivyoandikwa Bezaleli. Pembeni ya kila jina andikeni alichotoa mfukoni mwake mwaka huu kwa ajili ya kazi ya kanisa. Baada ya ibada tutakaa kidogo ofisini kuipitia orodha hiyo, na mweka hazina naomba awepo.