Siku moja maishani mwangu: mashine ya presha mwaloni Igombe

Saa 11:30 alfajiri

Kabla ya chai nakagua begi. Mashine mbili za presha, betri za akiba, mikanda ya mkono ya saizi tatu, futi kamba ya mita 30, koni mbili, saa ya kuhesabia sekunde, fomu za ridhaa. Mikanda ndiyo naikagua mara mbili. Wavuvi wa huku wana mikono iliyojengwa na kasia na nyavu, na ukifunga mkanda mdogo kwenye mkono mnene, mashine inasoma juu kuliko ukweli. Mtu anarudi nyumbani na hofu ya ugonjwa ambao huenda hana.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi. Kwa sasa niko kwenye timu ya utafiti inayofuatilia watu wa ufukweni, wazima na waliopata kiharusi: presha zao, kazi za miili yao, na jinsi wagonjwa wanavyoendelea baada ya kuruhusiwa kutoka hospitali.

Saa 12:15 asubuhi

Daladala ya Igombe, ufukweni mwa Ziwa Victoria, Mwanza. Konda ananing'inia mlangoni, dereva amekaa na atakaa hivyo mpaka usiku. Fani yangu ina deni kwa watu hawa. Mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walichapisha kwenye jarida la Lancet kwamba makonda wa mabasi ya ghorofa ya London, waliopanda na kushuka ngazi kutwa, waliugua moyo kidogo kuliko madereva. Kinachonivutia zaidi ni walichofanya baada ya hapo. Mwaka 1956 walirudi na vipimo vya sare za kazi, wakaonyesha kwamba madereva walivaa suruali za kiuno kikubwa kuliko makonda wa rika lao, hata wale vijana. Maana yake huenda tofauti ilikuwepo kabla ngazi hazijafanya kazi yake. Walikuwa na jibu zuri mkononi na bado wakalichokonoa. Napenda watafiti wa namna hiyo.

Saa 1:00 asubuhi

Mwaloni, mahali mitumbwi inapotia nanga na samaki kuuzwa. Mitumbwi ya dagaa imeshaingia, kina mama wamejaa mchangani na ndoo. "Mwangaluka!", salamu ya Kisukuma ya asubuhi, inaitikiwa kutoka kila upande. Tumeketi chini ya mti, viti vinne vya plastiki na meza moja, tukiwa na barua ya mwenyekiti wa mtaa.

Mvuvi aliyetoka kuvuta mtumbwi hapimwi papo hapo. Anakaa dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono mezani usawa wa moyo. Aliyevuta sigara au kunywa kahawa muda si mrefu anasubiri nusu saa. Tunapima mara tatu, tunaacha kipimo cha kwanza, tunachukua wastani wa viwili vya mwisho. Vijana hulalamika kwamba tunawachelewesha, na nawaelewa, usiku kucha hawajalala. Lakini kipimo cha haraka ufukweni ni sawa na kutopima.

Kisha hojaji. Tunatumia ile ya Shirika la Afya Duniani (WHO), maswali 16: kazi, safari za miguu au baiskeli, mapumziko, na muda wa kukaa. Inauliza kuhusu wiki ya kawaida, siku ngapi, dakika ngapi. Hapo ndipo kazi inapoanza, kwa sababu ufukweni wiki inaongozwa na mwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikishika, mitumbwi inapumzika, watu wanashona nyavu au wanakwenda shamba. Mama niliyekaa naye asubuhi hii aliniuliza swali la haki kabisa: "Wiki ipi, mwanangu? Ya giza au ya mwezi?"

Tukajaza zote mbili, ya pili pembeni kwenye sehemu ya maelezo. Nikaacha dakika, nikamwomba anisimulie siku. Mtumbwi ukigusa nchi anabeba ndoo kichwani toka majini hadi kwenye vichanja, akirudi, akirudi tena. Halafu anaanika. Jua likipanda anageuza. Mawingu yakitanda anakimbia kuanua. Katikati ya hayo anafuata kuni na maji. Nilikuwa nikiandika na kujumlisha. Mapendekezo ya WHO ya mwaka 2020 kwa mtu mzima ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za kazi ya mwili ya wastani, au 75 hadi 150 za kazi nzito. Katika wiki ya giza, mama huyu anazimaliza kabla Jumanne haijatua.

Presha yake ilikuwa kubwa: zaidi ya 160 kwa 100, vipimo vyote vitatu.

Ninakasirika nikisikia ushauri wa kiafya unaosomwa kwa mkupuo mmoja kwa watu wote, "fanyeni mazoezi", mbele ya mama kama huyu. Afanye mazoezi saa ngapi? Kutembea kunasaidia presha, sina shaka, na kuna watu mjini ningewasukuma leo hii watembee. Yeye hakupungukiwa mwendo. Alipungukiwa mtu wa kumpima. Hajawahi kufungwa mkanda mkononi tangu ujauzito wa mwisho. Tukaongea kuhusu chumvi, ambayo WHO inashauri isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa kila kinacholiwa kutwa nzima, na kuhusu kayabo, samaki wa chumvi anayempenda sana. Tukaongea pia kuhusu dawa, kwamba haziachwi siku kichwa kikiacha kuuma, kwa kuwa presha mara nyingi haiumi popote. Nikamwandikia barua ya rufaa ya zahanati.

Hili ndilo ninalolishikilia katika kazi hii: ujue kwanza mwili wa mtu unafanya nini kutwa, ndipo ufungue mdomo kumshauri.

Saa 4:00 asubuhi

Nyumba ya mzee mmoja, mvuvi wa miaka mingi. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia, na fomu ya kuruhusiwa hospitali inaonyesha presha iliyokuwa juu bila tiba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, daktari. Leo tena kile kiti?"

Kile kile. Kiti cha plastiki chenye mikono, cha nyumbani kwake, kwa kuwa nikibadilisha kimo cha kiti nimebadilisha kipimo. Ananyanyuka, anatembea mita 3 hadi alama ya chaki, anageuka, anarudi, anaketi. Nashika saa.

Kabla hajaanza, binti yake alishafika na kumshika mkono wa kulia kumvuta. Nikamzuia kwa upole. Bega la upande uliopooza halina misuli yenye nguvu ya kulishikilia, ukivuta mkono unaweza kulitoa mahali pake, na maumivu hayo humfanya mgonjwa aogope kila zoezi. "Simama upande wake dhaifu, dada, mkono wako kiunoni, usimbebe."

"Atachoka, daktari."

"Achoke kidogo. Akichoka tutapumzika."

Mzee akasogeza makalio ukingoni mwa kiti. Akavuta visigino nyuma, hadi vikawa ndani ya usawa wa magoti. Mguu wa kulia ulibaki mbele, akauangalia, akaurudisha kwa mkono wa kushoto. Akainamisha kifua mpaka pua ikapita vidole vya miguu, na hapo makalio yakaachana na kiti. Alitetemeka goti, akasimama. Binti alikuwa amenyoosha mikono yote miwili hewani bila kumgusa. Tulirudia mara kadhaa, tukipumzika katikati.

Katika nyumba hii mzee anapendwa. Analishwa, anaogeshwa, maji analetewa na mjukuu, kopo linatolewa mkononi kabla hajajaribu kuliweka chini. Upendo huo unamlaza. Mkono hurudi kwa kutumiwa, tena katika kazi yenye maana kwa mwenyewe, ndiyo maana nimeomba aletewe kipande cha wavu. Mkono wa kulia unabana wavu juu ya paja, wa kushoto unapitisha nyuzi. Leo alibana mafundo machache kabla vidole havijalegea, na hakutaka kuacha.

Sitaki kuipamba kazi hii. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya utafiti wa ATTEND wa India, wagonjwa 1,250 katika hospitali 14. Familia zilifundishwa kumfanyisha mgonjwa mazoezi nyumbani, na baada ya miezi 6 idadi ya waliofariki au kubaki tegemezi haikupungua kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida. Kabla yake, mwaka 2015, utafiti wa AVERT wenye wagonjwa 2,104 katika nchi 5 ulionyesha kwamba kumwamsha mgonjwa mapema mno, ndani ya saa 24, na kumkazania sana, kulipunguza waliopona vizuri. Nasoma matokeo hayo kama onyo kwa watu wanaopenda fani yao kama mimi. Kwa hiyo simwachii binti karatasi ya michoro na kuaga. Narudi na kiti kile kile na saa ile ile, na sekunde zisiposhuka, tunabadilisha mpango.

Saa 7:00 mchana

Ugali na sato kwa mama ntilie. Najaza kishikwambi huku nakula.

Saa 10:00 jioni

Kipimo cha kutembea dakika 6 kwenye chumba chetu cha utengamao, yaani cha kuwarudishia wagonjwa uwezo wa mwili, au tuseme nje yake, kwa kuwa kinahitaji mita 30 zilizonyooka na korido yetu haifiki. Tunasubiri kivuli cha jengo kifunike njia. Koni mwanzo, koni mwisho. Maneno ya kumtia moyo yamepangwa, dakika ya kwanza ikiisha unasema anaendelea vizuri zimebaki 5, basi. Kushangilia hakuruhusiwi, maana atakayeshangiliwa atatembea mbali zaidi. Dada wa leo alipumzika mara moja ukutani na akaendelea. Nilitamani sana kupiga makofi.

Saa 12:00 jioni

Simu. Kila aliyepewa barua ya rufaa wiki iliyopita anapigiwa: alifika zahanati? Wanaume wengi wanasema wataenda. Kina mama wanatoa sababu inayofanana. Siku ya kliniki ya presha ni asubuhi, saa ambazo dagaa wako mchangani na mawingu ya ziwani hayatabiriki. Kuacha dagaa ni kuacha hela ya mwezi.

Basi jioni hii naandika ombi kwa mganga mfawidhi: muuguzi mmoja na dawa waje mwaloni, chini ya mti wetu, katika wiki ya mbalamwezi ambapo vichanja viko wazi. Nimeambatanisha tarehe za miezi mitatu ijayo kutoka kalenda ya mwezi na idadi ya barua ambazo hazijafika kwake. Kesho asubuhi nampelekea mwenyewe kabla ya daladala ya Igombe.