Kidoti cha Ng'wandu: nilivyohangaika na jina langu mpaka likakaa sawa

Jina la ukoo wetu ni Ng'wandu. Kwa Kisukuma ng'wandu ni mbuyu, babu ndo alipewa hilo jina na sisi wote tumelirithi. Kulitamka halina shida kabisa kwa mtu anayesema ng'ombe kila siku, shida inaanza akishika kalamu.

Cheti changu cha darasa la saba kimeandikwa Mwandu. Cha form four Ngwandu, kidoti hakuna. Benki wakaandika Ng Wandu, yani nimekuwa mtu wa majina manne, maana kompyuta yao ilikuwa inakataa kile kidoti. Watu wanaona ni kitu kidogo, lakini nilipopata kazi 2016 afisa utumishi alitandaza makaratasi yangu yote mezani akaniuliza, dada, hapa wewe ni yupi? Nilikaa miezi miwili bila mshahara kisa majina hayalingani, nakula kwa shangazi, nauli naomba, iliniuma sana.

Wengi wakanishauri nikubali tu Mwandu yaishe, mbona hata mji wenyewe sisi tunasema Ng'wanza na ramani inaandika Mwanza. Nilikaribia kukubali kwa kweli. Nilipoenda nyumbani nikamwambia baba, hakugomba, alichana karatasi ya daftari akaandika jina kwa peni ya bluu, kile kidoti akakikandamiza mpaka karatasi ikatoboka. Akasema, "Mwanangu, hiki siyo pambo, hii ndo sauti yenyewe, ukikitoa unamwita mtu mwingine." Na ni kweli, hata Kiswahili kung'oa siyo ngoa. Ile karatasi ninayo kwenye pochi mpaka leo.

Basi nikaenda kwa wakili nikaapa kiapo cha majina, akaandika kwamba Mwandu, Ngwandu na Ng Wandu wote ni mtu mmoja na jina sahihi ni Ng'wandu, akagonga muhuri. Nikatoa kopi kumi, orijino haitoki nyumbani. Nilianza na kitambulisho cha taifa kwanza, maana hicho kikikaa sawa wengine hawana pa kubishia, ndo nikaenda benki, halafu laini ya simu, ilichukua karibu mwaka mzima lakini ikaisha. Na wenzangu wa majina ya ng' mjue hili, ukijaza fomu kwa simu kile kidoti kinajipinda chenyewe na mfumo unagoma, kibonyeze kwa muda mrefu mpaka kitokee kile kilichonyooka ndo uweke hicho. Mimi hapo nilipoteza siku nzima.

Kulitaja herufi mojamoja nimeacha, wanachanganya. Sasa hivi mtu akitaka kuliandika namwambia, andika ng'ombe. Akishaandika, futa ombe, weka wandu. Hajakosea hata mmoja.

Mwaka jana nilifuatilia cheti cha kuzaliwa cha binti yangu, nikamwomba karani ageuze skrini nione kabla hajaprinti. Kaandika Ngwandu. Nikamwambia taratibu, kaka samahani, tuanze na ng'ombe, akafuta, akaandika upya, karatasi ikatoka bado ina joto na kidoti kipo mahali pake. Nilimpigia baba hapohapo dirishani nikamsomea.