Dharura zangu zilikuwa na tarehe

Leo usiku nimelipa kipande cha mwisho cha deni la kadi ya mkopo ya benki. Nimekaa kitandani na simu mkononi naangalia deni linasoma sifuri, nilidhani siku hii ikifika nitapiga vigelegele lakini nimetulia tu, kama mtu aliyetua mzigo kichwani na shingo bado inausikia uzito. Miezi 25. Nataka niandike sasa hivi kabla sijasahau, manake najijua, nikishazoea nitaanza kusimulia kama vile ilikuwa rahisi.

Nianze na kitu ambacho kiliniuma sana wakati ule, watu wakisikia una deni la kadi wanadhani ulikuwa unajirusha, viwanja, nguo, safari. Mimi ukinionyesha ile taarifa ya kadi ya miaka miwili iliyopita siwezi kukutajia kitu kimoja kikubwa nilichonunua nikafurahi nacho. Ni vitu vya kawaida tu, mafuta ya gari, dawa, matengenezo, zawadi ya mtu, ada, kitu cha mtoto, tena ada. Na nilikuwa nalipa kila mwezi! Sijawahi kuruka hata mwezi mmoja, ndio maana nilikuwa najiona niko vizuri, benki inaniambia lipa kima cha chini kabla ya tarehe fulani na mimi nalipa kabla ya tarehe fulani, sasa kosa liko wapi.

Kosa nililiona siku moja nimekaa na dada yangu mkubwa, yeye miaka yote amefanya kazi za hesabu. Nikamwambia dada, mbona hili deni halishuki na mimi nalipa? Hakunijibu, akaomba karatasi ya benki. Akaisoma taratibu halafu akaniuliza, "Mdogo wangu, riba hapa ni asilimia 24 kwa mwaka, hiyo ni kama 2 kila mwezi. Na kima cha chini wanachokudai ni asilimia 3 ya deni. Sasa toa 2 kwenye 3, unabaki na ngapi?" Nikabaki na moja. Yaani katika kila 100 niliyokuwa napeleka, karibu 67 ilikuwa inaishia kwenye riba na 33 ndiyo inagusa deni lenyewe, na hapo ni kama sijanunua kitu kingine, na mimi nilikuwa nanunua.

Akaendelea kuandika pembeni. Deni likishuka, kima cha chini nacho kinashuka, kwa hiyo kadiri unavyoenda unalipa kidogo zaidi na unazidi kujivuta. Kwa mwendo ule ingenichukua karibu miaka 6 deni kufika nusu tu. Nusu! Halafu akanionyesha kitu ambacho hadi leo naona kila mwenye kadi angepaswa kukijua: ukichukua kile kiasi cha mwezi wa kwanza ukakigandisha, ukalipa hichohicho kila mwezi bila kukubali kishuke, deni linaisha lote kwa miezi kama 56. Na ukikizidisha mara mbili, linaisha ndani ya miezi 21. Hela mara mbili, lakini muda umepungua zaidi ya nusu, kwa sababu ile nyongeza yote inaenda kwenye deni, riba ilishachukua chake. Nilirudi nyumbani na ile karatasi nikaibandika ndani ya mlango wa kabati, bado ipo.

Sasa hiyo mara mbili ninaitoa wapi. Hapo ndipo nilikaa wiki nzima nikilia tu, nitakuwa mkweli, sikuwa na mpango wowote, mshahara ni uleule. Mume wangu ndiye alisema tuache kupanga kwanza, tuandike. Mwezi mmoja, kila kinachotoka, yeye na mimi, daftari moja mezani, hakuna kulaumiana. Hilo la kutolaumiana lilikuwa gumu kuliko kuandika, siku ya tatu tu tulishanuniana. Lakini tulimaliza mwezi.

Nilichokitegemea kwenye lile daftari ni kukuta vitu vidogovidogo vya kijinga, na vilikuwepo, kulikuwa na huduma 5 tunazokatwa kila mwezi kwenye simu na 2 hatukuwa tunazitumia kabisa, moja nilikuwa hata sikumbuki nilijiunga lini. Kulikuwa na manunuzi ya saa tano usiku, nimechoka, nimelala na simu, kitu kiko kwenye ofa, nabonyeza. Hayo tuliyafuta na yalisaidia. Ila yakijumlishwa yote hayakufika hata nusu ya kile nilichokuwa natafuta, na hapa ndipo naona ushauri mwingi wa matumizi unakosea, unambana mtu kwenye vitu vidogo anavyovipenda hadi anachoka anaacha kila kitu.

Kikubwa tulikikuta tulipochukua taarifa za kadi za mwaka mzima tukaziweka pembeni ya daftari. Tukapiga mstari kwenye kila mara kadi iliporuka juu. Bima ya gari. Ada. Ada tena. Mwisho wa mwaka na safari ya kwenda kuona wazee. Matairi. Kila mara niliposema "kuna dharura imetokea tutumie kadi", ukiangalia tarehe, mwaka uliotangulia ilikuwa tarehe ileile, wiki ileile. Ada haijawahi kumshtukiza mtu, inakuja na kalenda. Bima ina tarehe imeandikwa kwenye karatasi. Mimi nilikuwa naishi kama mtu ambaye kila mwaka anashangaa mvua. Dharura za kweli kwa mwaka mzima zilikuwa mbili tu, ugonjwa wa mtoto na simu ya kazi kuharibika.

Basi bajeti yetu yote ikajengwa hapo. Tuliorodhesha kila kitu chenye tarehe, tukajumlisha, tukagawa kwa 12, na hiyo hela mshahara ukiingia inatoka siku hiyohiyo kwenda akaunti nyingine ambayo haina kadi. Miezi ya kwanza ilikuwa inauma, manake unalipa deni la ada ya mwaka jana huku unaweka ada ya mwaka kesho, mara mbili kwa wakati mmoja. Tulihamia nyumba ndogo zaidi mwezi wa 4 tangu tuanze kulipa hivi. Hilo ndilo lililotupa ile mara mbili, sitaki kumdanganya mtu kwamba ni kufuta huduma za simu. Tulipunguza kitu kikubwa kimoja, na kuna siku nilipamiss tulipokuwa, hasa dirisha la jikoni.

Kadi zilikuwa mbili, sijasema. Moja kubwa, nyingine ndogo. Kwa hesabu unatakiwa uanze na yenye riba kubwa, na dada alinisisitizia hivyo, lakini mimi nilianza na ndogo ingawa riba yake ilikuwa chini kidogo, ile kubwa nikawa nailipia kima cha chini tu kwa muda. Nilihitaji kuona kitu kimoja kinakufa. Kilikufa mwezi wa 3, na ile nguvu niliyoipata siku ile ilinibeba mbali, nadhani nililipa riba kidogo zaidi kwa uamuzi huo na siujutii. Kuanzia hapo ile hela yote ikahamia kwenye kadi kubwa.

Kuna mambo nilijifunza njiani ambayo hakuna aliyewahi kunieleza. La kwanza, kwa kadi nyingi ukilipa deni lote kila mwezi hutozwi riba kwenye manunuzi, unakuwa na siku kadhaa za bure, lakini ukibakiza deni ile nafasi kwa kawaida inaondoka, kila unachonunua kinaanza kula riba siku hiyohiyo. Kwa hiyo mimi miaka yote nikinunua hata sabuni kwa kadi nilikuwa nainunua kwa riba. La pili, riba mara nyingi inapigwa kwa salio la kila siku, hivyo badala ya kusubiri tarehe ya mwisho nikawa nalipa mara mbili kwa mwezi, nusu mshahara ukiingia na nusu katikati, si tofauti kubwa lakini ni yangu. Na kutoa keshi kwa kadi, hapo unakatwa ada na riba inaanza palepale, nilifanya hivyo mara mbili wakati wa shida na nikiangalia sasa natamani ningemuomba dada.

Nilipiga simu benki kuomba wanishushie riba, wakakataa. Nikapiga tena baada ya miezi kadhaa, wakakataa tena ila yule dada wa kwenye simu akaniambia anaweza kunibadilishia tarehe ya kulipa iangukie baada ya mshahara. Nilikuwa sijui hata kama hilo linawezekana. Lilinipunguzia wasiwasi kuliko kitu kingine chochote, kabla ya hapo kila mwezi kulikuwa na siku 4 za kuomba Mungu hela isiishe.

Kadi zenyewe sikuzikata. Niliziondoa kwenye simu, kila mahali namba ilipokuwa imehifadhiwa nikaifuta, nikazipeleka kwa dada akae nazo. Kitu nikikitaka sana nakiandika nyuma ya daftari na tarehe, baada ya siku 3 narudi kukiangalia. Vingi sikuvitaka tena. Vichache nilivitaka bado na nikanunua kwa hela taslimu na nikavifurahia kwa moyo mmoja, ile hali nilikuwa nimeisahau kabisa, kununua kitu na kisikufuate.

Mwezi wa 14 nilikata tamaa. Mtoto aliumwa, nikarudi kima cha chini miezi miwili, na nilipoona riba imemeza tena karibu theluthi mbili ya nilichopeleka nilikaa bafuni nikalia kimyakimya ili wasinisikie. Wahenga walisema kukopa harusi kulipa matanga, na usiku ule niliyaona matanga yenyewe. Mume wangu hakunipa maneno mengi, alichukua daftari akanifungulia ukurasa wa mwezi wa kwanza akaweka kidole kwenye salio la siku ile, halafu akaweka kingine kwenye la leo. Basi. Mwezi uliofuata tukaendelea.

Na sifuri ya leo bado haijakamilika, dada ameshanitahadharisha. Kuna riba ya zile siku kati ya taarifa ya mwisho na leo, itajitokeza mwezi ujao kama kiasi kidogo tu, na watu wengi wanaiacha wakidhani wamemaliza halafu inazaa faini ya kuchelewa. Nimeshaitengea mstari wake kwenye bajeti, nitasubiri itokee niilipe ndipo nipige simu kuomba barua ya kuthibitisha kwamba sidaiwi.

Mume wangu ameamka sasa hivi ananiuliza mbona taa inawaka. Nimemuonyesha simu. Ameiangalia muda mrefu, hajasema kitu, ameenda kuchukua daftari mezani na kalamu akanipa niandike mwenyewe. Nimeandika tarehe na sifuri, halafu macho yakashuka mstari wa chini yake kama yalivyozoea, kuangalia kinachofuata. Bima ya gari, tarehe 12 mwezi ujao. Hela yake ipo tangu wiki iliyopita.