Namba Zinarudi Nyuma

Ninaandika haya nikiwa Kyoto, usiku wa pili tangu tushuke kwenye ndege, na Mama amelala kwenye godoro la sakafuni pembeni yangu kwa usingizi mzito wa mtu aliyefika. Tumekuja kwa ajili ya mahafali ya mdogo wangu wa kike, ambaye amemaliza masomo yake huku. Kwa kuwa hakuweza kutufuata hadi Tokyo, alitutumia maelekezo ya safari kwenye simu, marefu na yaliyopangwa vizuri, nami niliyasoma mara nne tukiwa angani. Mama hakuyasoma, kwa sababu Mama hajui kusoma. Anazijua tarakimu, na hesabu ya fedha anaijua kuliko mimi, lakini herufi hakupata nafasi ya kufundishwa, na kwa safari hii nzima nilikuwa nimejiandaa kuwa macho yake.

Uwanja wa ndege wa Narita uko kilomita zipatazo 60 mashariki ya katikati ya Tokyo, kwa hiyo mgeni hukutana na treni kabla hajaliona jiji. Tulinunua kadi mbili za kulipia nauli, za Suica za wageni, ambazo hudumu siku 28 na hutumika kwa kuzigusisha langoni unapoingia na unapotoka, kisha tukanunua tiketi za treni ya haraka iitwayo Skyliner, ambayo hufikia kilomita 160 kwa saa na kukufikisha kituo cha Nippori kwa muda usiotimia dakika 40. Mpaka hapo kila kitu kilikwenda kama kilivyoandikwa. Giza lilikuwa limeshaingia, na kilichoonekana dirishani kilikuwa taa za nyumba na vivuli vya miti tu.

Nippori ndipo tulipotakiwa kubadili treni na kuingia njia ya Yamanote, twende vituo vitano hadi Otsuka, tulikopanga chumba. Nilitoka kwenye ngazi za umeme nikajikuta mbele ya mabango mengi kiasi kwamba sikujua jicho lianzie wapi. Herufi za Kijapani nilizitazama kama mtoto anavyotazama kitabu cha mkubwa. Herufi tunazozijua zilikuwepo pia chini yake, lakini majina yalikuwa mengi, watu walikuwa wengi, na kila mmoja alikuwa na mwendo wa mtu anayejua aendako. Niliona rangi ya kijani, nikaona treni inaingia, nikamshika Mama mkono tukapanda.

Inafaa nieleze kosa lenyewe lilivyotokea, kwa sababu nadhani wengi wetu tungelifanya. Dar es Salaam tunapanda basi kwa kuangalia mwisho wake: hili la Kimara, lile la Mbagala. Njia ya Yamanote ni duara la kilomita 34.5 lenye vituo 30, na treni zake huzunguka kwa muda wa karibu saa moja bila ya kuwa na kituo cha mwisho kama tunavyokielewa sisi. Bango huandika vituo vikubwa vilivyo mbele, upande huu Ueno na Tokyo, upande ule Ikebukuro na Shinjuku, na abiria hutakiwa kujua ni upande gani wa duara anaouhitaji. Mimi nilitafuta neno Otsuka, sikuliona, nikaamini rangi peke yake.

Mama alikuwa amekaa, mimi nimesimama mbele yake nikiyapitia maelekezo ya mdogo wangu kwa mara ya tano, aliponigusa mkono.

"Mwanangu, pale tulipopandia paliandikwa saba. Kikaja kituo cha sita. Hiki ni cha tano. Nawe uliniambia tunakwenda kumi na mbili. Namba zinarudi nyuma."

Niliinua macho kwenye kioo kilicho juu ya mlango. Ni kweli, kila kituo kilikuwa na kisanduku chenye ukingo wa kijani na namba ndani yake: Nippori 07, kinachofuata 06, na sasa tulikuwa tunaingia Ueno, 05. Namba hizi zilianza kuwekwa kwenye vituo vya njia hii mwaka 2016, kwa ajili ya wageni wasioweza kusoma majina. Nilikuwa nimezipita zote bila kuzitazama, kwa sababu mtu aliyesoma hutafuta neno kwanza.

Tulishuka Ueno, tukapanda ngazi na kuteremkia jukwaa la upande mwingine, na safari hii Mama ndiye aliyetangulia. Alihesabu kwa sauti ya chini: sita, saba, nane. Nilimtazama nikakumbuka kwamba mwanamke huyu aliuza mahindi ya kuchemsha kwenye stesheni ya Makambako kwa miaka mingi, akipokea fedha na kurudisha chenji dirishani huku treni ya TAZARA ikianza kusogea, na kwamba alipohamia kwangu Dar es Salaam alijifunza mji kwa mistari ya rangi iliyo ubavuni mwa daladala. Nilipomwambia kwamba reli tuliyokuwa juu yake ina upana wa milimita 1,067, sawasawa na ile ya TAZARA, alitikisa kichwa taratibu, akasema alihisi hivyo kwenye mtikisiko. Sijui kama inawezekana, lakini sina sababu ya kumkatalia.

Tangu hapo nilianza kuitazama stesheni kama yeye. Kwenye sakafu kuna vigae vya njano vyenye vinundu na mistari, na Mama alivihisi kwa nyayo kabla sijavitaja. Vilibuniwa na Mjapani Seiichi Miyake mwaka 1965, na vya kwanza viliwekwa barabarani mwaka 1967 karibu na shule ya wasioona huko Okayama. Mistari humwambia asiyeona aendelee, vinundu humwambia asimame. Kwenye baadhi ya ngazi husikika sauti ya ndege anayeimba, nayo imewekwa makusudi ili mtu huyo ajue ngazi iko wapi. Nilitulia pale nikisikiliza, nikaona kwamba mtu fulani aliketi akamfikiria abiria asiyeweza kusoma bango, akampa njia yake bila ya kumlazimisha aombe msaada.

Jambo moja lilimsumbua Mama, nalo ni ukimya. Behewa lilijaa watu na hakuna aliyezungumza kwenye simu. Yeye amezoea kwamba ukikaa karibu na mtu unamsalimu, ujue ametoka wapi. Jirani yake alikuwa bibi wa Kijapani mwenye mkongojo. Mama alimwinamia kidogo, bibi yule akamwinamia pia, na vituo viwili mbele, alipokuwa anashuka, akamwinamia tena. Mama aliridhika.

Asubuhi yake tulikwenda stesheni ya Tokyo kupanda Shinkansen, treni ya mwendo kasi ya Japani. Reli hii ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1964, siku chache kabla ya Olimpiki ya Tokyo, na tangu siku hiyo hakuna abiria aliyewahi kufa kwa treni zake kugongana au kuacha njia. Langoni tuliingiza tiketi mbili kwa pamoja, moja ya nauli na moja ya mwendo wa haraka. Mama alitafuta namba ya behewa letu, 12, iliyoandikwa jukwaani pale mlango utakaposimama, tukapanga foleni hapo, na treni ikasimama hapo hapo. Wasafishaji waliingia na kutoka kwa dakika chache mno, na viti vyote wakavigeuza vielekee mbele. Kisha tukaondoka kwa upole ambao sikuutarajia kwa chombo kinachofikia kilomita 285 kwa saa, na baada ya kama dakika 40 mlima Fuji ukatokea upande wa kulia, mweupe kileleni. Mama aliutazama mpaka ulipokwisha, akasema Bwana asifiwe, asiongeze neno.

Mdogo wangu alikuwa akisubiri nje ya lango la stesheni ya Kyoto. Lango hilo humeza tiketi ya msafiri aliyefika, na Mama hakutaka yake imezwe. Alisimama kando akiwa ameishika, watu wakipita, hadi mdogo wangu alipomwita mfanyakazi wa stesheni na kumweleza kwa Kijapani. Kijana yule aliipokea, akaigonga muhuri kuonyesha kwamba imetumika, akamrudishia kwa mikono miwili. Mama naye akaipokea kwa mikono miwili, akamwonyesha mdogo wangu kwa kidole: gari la 12, kiti cha 7.