Faili 1, siku 2

Ripoti ya afisa wa uangalizi, yule anayemchunguza mkosaji na kuwafuatilia wanaotumikia adhabu nje ya gereza, kwa hakimu haiandikwi mezani. Lazima aonane na mkosaji, wazazi wake, sheha (kiongozi wa serikali katika shehia, yaani mtaa au kijiji) na aliyekosewa. Huyu wa mwisho ndiye anayerukwa kazi ikizidi, na bila yeye ripoti ni ya upande mmoja. Tukisema siku 2 kwa kila faili, mafaili 10 yanakula siku 20 za kazi. Mwezi umekwisha, na wanaotumikia adhabu nje ya gereza hawajatembelewa.

Tuseme ni Pemba: afisa yuko Chake Chake, mkosaji yuko Micheweni; asubuhi imeishia kwenye gari, na sheha keshakwenda zake shamba. Basi atapigiwa simu. Lakini simu haioni daftari la mahudhurio la anayetumikia adhabu nje, lililotiwa saini za wiki nzima siku moja, kwa kalamu ile ile.