Nilivyoumudu mwaka wa kwanza wa uhandisi nikiwa Mwanza

Kidato cha tano na cha sita nilisoma PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu, na hesabu nazipenda toka utotoni. Hata hivyo, mwaka wa kwanza wa uhandisi wa ujenzi una mwendo wake. Sekondari tulikaa na mada moja ya kalkulasi wiki kadhaa, mwalimu akirudia mpaka wa viti vya nyuma waelewe. Chuoni mada hiyohiyo inapita kwa vipindi viwili, mhadhiri anafuta ubao na kuondoka. Wiki hiyohiyo kuna asaimenti ya mekanika (somo la nguvu zinazosukuma na kuvuta vitu), mchoro wa kukabidhi Ijumaa, testi ya hesabu, na karakana ambako unasimama mchana kutwa na tupa mkononi. Wenzangu niliowaona wakiyumba hawakuwa wazito wa kuelewa. Muda ndio uliowapiga chenga.

Kwetu ni Sengerema. Daraja la J.P. Magufuli, lile la Kigongo–Busisi, lilifunguliwa Juni 2025, na mimi nikaingia chuo miezi michache baadaye. Zamani kuja mjini kulikuwa na foleni ya kivuko pale Busisi, na likikukuta jua la mchana unalijua. Sasa gari linakatiza ghuba ya Ziwa Victoria kwa dakika chache, linapita Usagara, na kabla hujasinzia vizuri umefika Nyegezi, Mwanza. Urahisi huo ulikuwa mtihani pia, maana kila Ijumaa moyo ulikuwa unataka kwenda nyumbani. Mama ndiye aliyenisaidia kuushinda. Aliniambia kwa simu, "Kaa huko usome mwanangu, nyumba haihami." Nikapanga niwe naenda baada ya testi tu. Jumamosi zangu zikawa za mekanika.

Mekanika nitaielezea zaidi kwa sababu ndiyo iliyonifungulia masomo mengine. Kilichonibeba ni kuchora kabla ya kukokotoa. Unakichukua kitu unachokichunguza, unakichora peke yake kama hakuna kingine duniani, kisha unaweka mshale kwa kila nguvu inayokigusa: uzito wake, sakafu inayokisukuma juu, kamba inayokivuta. Hapo ndipo unaandika milinganyo. Wengi hurukia fomula kwa sababu mchoro unaonekana kupoteza muda, na ndiyo maana hujikuta wameisahau nguvu moja na jibu zima limeharibika.

Nililiona hilo vizuri kupitia kamba ya kuanikia hosteli. Mwenzangu wa chumbani alichoka kuiona ikining'inia, jinzi zilizolowa zinagusa vumbi, akawa anaikaza kwa nguvu zake zote. Inakatika. Nikamchorea mishale mitatu: uzito wa nguo katikati, na kamba ikivuta huku na huku. Chukua nguo za kilo 10, yaani uzito wa karibu nyutoni 100 (nyutoni ni kipimo cha nguvu). Kamba ikilegea hadi kila upande ufanye pembe ya nyuzi 30 na mlalo, kila upande unavuta nyutoni 100. Ukiikaza hadi ibaki nyuzi 5 tu, kila upande unavuta zaidi ya nyutoni 570, na nguo ni zilezile. Akaniangalia, akachukua kikokotoo akahakikisha mwenyewe, halafu akaenda kuilegeza kamba. Tangu siku hiyo ilidumu.

Safari iliyofuata ya kwenda nyumbani nikakaa dirishani kwenye gari kuliangalia daraja kwa macho mengine. Minara yake ni mifupi na nyaya zimelala, hazikusimama wima. Kwa hesabu ya kamba yetu, waya uliolala vile hauwezi kuachiwa peke yake kazi ya kunyanyua sakafu. Sehemu kubwa ya mvuto wake inakwenda kuibana sakafu kwa urefu wake, na zege linastahimili sana kubanwa kuliko kuvutwa. Sakafu yenyewe inabeba mzigo, nyaya zinaisaidia. Kitu cha kilomita 3 nilichokuwa nakipita kama abiria, nikakielewa kwa mishale ya daftarini. Sijui kama nimewahi kufurahia somo kiasi kile.

Kwenye uchoraji wa kihandisi siri ni usafi na subira. Nilinunua ubao na T-skwea, ile rula ya umbo la T, kwa kaka mmoja wa mwaka wa pili, kwa bei ya chini sana kuliko dukani. Penseli ya 2H nilichorea mistari ya awali, myepesi kabisa, na HB mistari ya mwisho. Joto la Mwanza linatoa jasho mkononi na jasho linachafua karatasi, kwa hiyo nilikuwa naweka karatasi nyingine safi chini ya kiganja na kuisogeza kadiri ninavyochora. Karakanani pia ni subira: unasugua kipande cha chuma kwa tupa, unakiwekea skwea ya kupimia pembe mraba, unakiinua kwenye mwanga. Mwanga ukipenya pembeni, unarudi kusugua.

Bumu, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, likiingia, nililipa kwanza chumba, nikanunua mchele, unga na dagaa wa kutosha, kinachobaki nikakigawa kwa wiki. Hilo halina maelezo mengi.

Diskasheni ndiyo ilikuwa nguzo yangu ya pili. Tulikuwa wanne, wasichana wawili na wavulana wawili, tukikutana jioni kwenye darasa lililo wazi. Sharti letu lilikuwa kwamba anayesema ameelewa anasimama ubaoni bila daftari na kuwaeleza wengine. Tunaelezana kwa Kiswahili mpaka kieleweke, kisha jibu tunaliandika kwa Kiingereza kama litakavyotakiwa kwenye mtihani. Maswali ya mitihani ya miaka iliyopita tulianza kuyafanya mapema, wakati mada bado ni ya moto. Na usiku tulitoka pamoja, wavulana wakitusindikiza mimi na mwenzangu mpaka mlango wa hosteli. Darasani wasichana ni wachache, na kuwa na mwenzako mmoja wa kukaa naye mstari wa mbele kunaleta tofauti kubwa. Mdogo wangu anayekuja uhandisi, mtafute mapema.

Kabla ya kila mtihani nilikuwa nabonyeza sine ya 30 kwenye kikokotoo. Ikitoka 0.5, kiko kwenye nyuzi na naweza kuanza. Ikitoka namba nyingine, mara nyingi kiko kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe, nakirekebisha kabla ya swali la kwanza.

Semista ya kwanza hakuna kati yetu aliyepata sapu, yaani kurudia mtihani wa somo alilofeli. Ya pili mmoja wetu alibaki na sapu ya hesabu. Likizo ilipoanza hatukutawanyika. Tulibaki naye Nyegezi tukizirudia matriksi na milinganyo ya difrenshali kuanzia mwanzo, yeye akiwa ubaoni, sisi tukiuliza. Amefaulu. Mwaka wa pili tunaingia wote wanne, na tumeshaazima madaftari ya somo la uimara wa vifaa (strength of materials) kwa waliotutangulia.